Vifuko vya chai: bei ya boksi si bei ya kikombe

IMANI iliyozagaa madukani na vijiweni ni kwamba chai ya vifuko inayouzwa kwa bei ya chini katika supamaketi ni mabaki tu, vumbi lililofagiliwa kiwandani baada ya majani mazuri kupelekwa Ulaya. Imani hiyo inawaponza watu wawili. Mlaji hulipa zaidi kwa boksi la kupendeza akidhani ananunua majani bora, na mwenye duka hujaza rafu kwa kufuata tangazo badala ya kufuata kilichomo ndani.

Mpenzi wa chai anayejua kuonja hakubaliani na imani hiyo. Kwake, boksi la bei nafuu linaweza kuwa na chai nzuri kuliko lile la bei maradufu, na kulijua hilo hakuhitaji maabara. Mizani ndogo, saa, vikombe vyeupe na kijiko vinatosha.

Vumbi lenye thamani

Chanzo cha imani hiyo ni jina. Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mtindo wa CTC, yaani majani mabichi yaliyonyaushwa hupitishwa katikati ya rola zenye meno zinazoyaponda, kuyachana na kuyaviringisha hadi yawe chembe ndogo. Yakishakauka, chembe hizo huchekechwa na kugawanywa kwa ukubwa. Zilizo kubwa huitwa BP1, zikifuatiwa na PF1, kisha PD na D1. Herufi D katika madaraja hayo mawili ya mwisho husimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya vumbi, na hapo ndipo wengi walipopotoka.

Vumbi hilo si takataka za sakafuni. Ni daraja halali la soko linalotokana na majani yale yale yaliyotoa BP1, katika kiwanda kile kile. Tofauti yake ni ukubwa wa chembe. Chembe ndogo hukutana na maji kwa eneo kubwa zaidi, hivyo hutoa rangi na nguvu upesi. Kifuko kinatakiwa kikolee katika dakika chache, na ndiyo sababu wafungashaji wa vifuko hutafuta zaidi PF1 na madaraja ya vumbi.

Hata hivyo, chai hafifu ipo. Ni ile ya madaraja ya pili, yenye nyuzi nyingi za mabua, ambayo huuzwa kwa bei ya chini. Njia rahisi ya kuigundua ni kupasua kifuko kimoja na kukimwaga juu ya karatasi nyeupe. Chembe nyeusi zinazolingana ni dalili njema. Vinyuzi vya kahawia vikiwa vingi, mfungashaji amebana matumizi kwenye majani.

Kuonja kama waonjaji wa Mombasa

Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu mwaka 1992 bei zake hutajwa kwa dola ya Marekani. Kabla ya kila mnada, waonjaji hupita kwenye meza ndefu zilizopangwa vikombe, wakivuta chai kutoka kwenye kijiko kwa sauti kubwa ili isambae mdomoni, kisha huitema. Mwonjaji mmoja anaweza kupitia mamia ya vikombe kwa siku. Mbele yake hakuna boksi wala picha ya mlima. Kuna chai na maji tu.

Kanuni yao ni kulinganisha kwa masharti sawa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3103 kinataka gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, zikolee kwa dakika 6. Chai hiyo ni kali kwa kunywa, lakini ukali huo ndio unaofichua kasoro. Anayejaribu nyumbani apime gramu sawa, maji sawa na dakika sawa kwa kila aina, na asitie sukari, kwa kuwa sukari huficha mengi.

Jambo la kwanza kutazamwa ni mng'aro. Chai nzuri ya CTC huwa nyekundu inayong'aa, na iliyozeeka au kutengenezwa vibaya huwa na giza lililofifia. La pili ni uzito wake mdomoni. La tatu ni ile hali ya kusisimua ulimi, ambayo waonjaji huithamini sana. Chai isiyosisimua hupita kama maji ya moto yenye rangi.

Kisha hutiwa maziwa kidogo. Hicho ndicho kipimo kinachowafaa zaidi wanywaji wa chai ya maziwa. Chai yenye nguvu hugeuka kuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, na iliyo dhaifu huwa ya kijivu.

Kipimo kingine huwashangaza wengi. Kikombe cha chai ya rangi kikiachwa kipoe, chai nzuri yenye nguvu huweza kuingia ukungu. Wapo wanaoimwaga wakidhani imeharibika, kumbe ukungu huo ni dalili ya ubora. Usichanganywe na utando unaoelea juu, kwani huo mara nyingi hutokana na maji yenye chokaa. Maji ya kisima yenye chumvi huua mng'aro wa chai yoyote, hivyo asiyependa kumwonea mfungashaji atumie maji laini.

Hesabu iliyofichwa kwenye boksi

Baada ya ulimi huja mizani. Chukulia kwa mfano maboksi mawili yenye vifuko 100 kila moja. La kwanza lina gramu 200 na linauzwa sh. 3,000. La pili lina gramu 150 na linauzwa sh. 2,500. Mlaji huliona la pili kuwa nafuu kwa sh. 500. Lakini kwa kilo, la kwanza ni sh. 15,000 na la pili ni takriban sh. 16,670. Aidha, kifuko chake kina gramu 1.5 badala ya 2, hivyo anayetaka chai iliyokolea atatumia viwili. Idadi ya vifuko ni chambo, na uzito ndio bidhaa.

Upande wa pili, boksi la bei kubwa mara nyingi hulipisha vitu visivyonywewa, kama bahasha ya kila kifuko, uzi, lebo na matangazo. Bahasha isiyopitisha hewa ina faida, kwa kuwa chai hunyonya unyevu na harufu kwa urahisi. Uzi na lebo haviongezi ladha.

Umri nao ni bei. Mwezi Julai 2021, Kenya iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo inayopelekwa mnadani. Wanunuzi wengi waliikwepa chai iliyoshindwa kufikia thamani hiyo, shehena zikarundikana maghalani, na utaratibu huo ukaachwa mwaka 2024. Chai iliyolala muda mrefu haimdhuru mnywaji ikihifadhiwa pakavu, lakini hupoteza msisimko wake, na thamani yake hushuka. Tarehe ya kufungashwa iliyopo kwenye boksi haisemi majani yalilala ghalani kwa muda gani kabla ya hapo. Kikombe husema.

Kikombe hutangulia vitabu vya hesabu

Kwa mwekezaji mdogo, somo ni kubwa zaidi. Kabla ya soko huria, ufungashaji wa chai ya kunywewa Tanzania ulikuwa mikononi mwa kampuni ya umma ya Tanzania Tea Blenders. Miaka ya 1990 ilifungua mlango kwa wengine, ikiwemo Tanzania Tea Packers (TATEPA), iliyoleta Chai Bora na ambayo hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1999. Mwaka 2023 Dar es Salaam nayo ilianzisha mnada wake wa chai.

Mfungashaji yeyote hubanwa katikati. Majani hununuliwa kwa bei inayoweza kubadilika kila mnada, lakini boksi huuzwa kwa bei ya shilingi ambayo mlaji ameizoea. Majani yakipanda, mfungashaji asiyethubutu kupandisha bei ana njia tatu: kupunguza gramu, kuongeza majani yenye nyuzi, au kununua chai iliyolala. Zote tatu huonekana kwenye kikombe na mizani miezi kadhaa kabla ya kuonekana kwenye taarifa ya mapato. Anayeonja boksi lile lile kila robo mwaka anaweza kujua mapema kama kampuni inabanwa.

Kwa mwenye duka, ushauri ni mfupi. Kabla ya kuagiza katoni, anunue boksi moja la kila aina, apime gramu, apasue kifuko, aonje kwa maji yale yale. Baada ya hapo aweke chai mbali na sabuni, mafuta ya taa na viungo, la sivyo hata chai bora itanuka duka. Mteja aliyekunywa chai dhaifu halaumu mnada wa Mombasa. Hurudi na malalamiko kwa aliyemuuzia, au harudi kabisa.