Fishi ya kazi: mtoto arithi nini kwa mzazi?

Pompi ya maji imeharibika kwenye usini. Shefu wa matengenezo anafungua fishi moja kubwa ndani ya ordinatere: pompi gani, iko fasi gani, nani ameomba kazi, haraka kiasi gani. Halafu anaigawanya: fishi ya elektrisiye, fishi ya mekanisiye, fishi ya yule wa kutafuta vipuri. Ile kubwa inaitwa mzazi, zile ndogo ni watoto. Programu kama Redmine na Jira zilitengenezwa zaidi kwa watu wa ordinatere, lakini kugawanya kazi namna hii kunaeleweka na kila mtu aliyepita kwenye atelie ya Likasi, ikuwe Shituru ao Panda.

Shida inaanza pale mtoto anapozaliwa uchi. Elektrisiye anafungua simu, anakuta maneno mawili tu: «Kata umeme.» Njo pompi gani? Kwenye chumba ziko ine. Anapigia shefu, shefu hana rezo. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwenye fishi ya mzazi, lakini hakuna aliyekinakili.

Wengi wanazani programu inarithisha yenyewe. Si hivyo. Jira, ya kampuni Atlassian ya Australia, iko tangu 2002: humo fishi ndogo inafuata mzazi wake juu ya usiri, ni kusema nani ana ruhusa ya kuiona. Visanduku vingi vingine, mtu mwenyewe ndiye anaamuru virithiwe. Redmine, ambayo Mfaransa Jean-Philippe Lang aliitoa 2006 na ambayo haiuzwi, inashangaza zaidi: kwa mpango wake wa kawaida, ni mzazi anayerithi kwa watoto. Tarehe ya kuanza inatoka kwa mtoto wa kwanza kuanza, tarehe ya kumaliza kwa yule wa mwisho, na haraka ya mzazi inafuata mtoto mwenye haraka kupita wote kati ya wale ambao kazi yao haijafungwa. Watu wa Haut-Katanga hawawezi kushangaa sana: kwa Basanga ukoo unapita kwa mama, kwa Baluba unapita kwa baba. Ni lazima kwanza kuuliza kitu gani kinatoka upande gani.

Kurithisha kwenyewe kunafanywa na skripti, yaani amri fupi inayoamka kila mara fishi inapozaliwa. Inauliza: hii fishi iko na mzazi? Kama iko naye, inapitia visanduku vilivyotajwa kwenye orodha, kimoja kimoja. Kisanduku cha mtoto kikiwa tupu, inaweka kile cha mzazi. Yale maneno «kikiwa tupu» ni ya lazima. Bila hayo, skripti itafuta kile mtu alichoandika kwa makusudi, na watu wataacha kuiamini siku ile ile. Kwa Jira, kanuni ya namna hii inaweza kupangwa kwa kuchagua tu kwenye skrini. Kwa Redmine, mtu anaongeza kipande cha programu ndani ya seva, ao anaandika skripti inayokaa inje na kupitia kila dakika chache.

Ile ya inje iko na ubaya wake, na kule Likasi unajulikana: umeme ukikatika, skripti inalala. Ikiamka na kutazama tu fishi mpya, wale waliozaliwa gizani wanabaki uchi. Afazali itazame kila mara fishi zote ambazo hazijafungwa.

Orodha ya visanduku ndiyo kazi ngumu, na haifai kuachiwa mtu wa ordinatere peke yake. Fasi, namba ya mashine, jina la aliyeomba kazi: hivyo vinanakiliwa bila mashaka, kwa sababu havibadiliki. Jina la mfanyakazi, hapana. Kazi iligawanywa ili kila mmoja apate yake. Saa zilizokadiriwa pia hapana. Mzazi akiwa na saa 8 na watoto wane wanakili 8 kila mmoja, Redmine itajumlisha yote na kuonyesha 40 kwa kazi ya siku moja. Kisha mtu wa mahesabu atauliza maswali.

Haraka ni kitu kingine, kwa sababu inageuka. Asubuhi pompi inaweza kungoja, mchana maji yanapanda. Skripti iliyonakili wakati wa kuzaliwa haijui hiyo habari. Watoto wanabaki na haraka ya asubuhi. Inaomba skripti ya pili, inayoamka mzazi anapobadilishwa, na inayoacha fishi zilizokwisha kufungwa. Na kwa Redmine, lazima kwanza kubadilisha mpango ili haraka ya mzazi isitegemee watoto. Bila hivyo kisanduku cha mzazi kimefungwa, shefu hawezi hata kukigusa.

Kuna kisanduku kimoja ambacho kosa lake halilipwi kwa saa wala kwa feza: «Umeme umekatwa: ndiyo ao hapana.» Shefu anaandika «ndiyo» kwa mzazi, skripti inanakili kwa watoto watatu. Saa moja baadaye umeme unarudishwa ili kujaribu mashine, mzazi anabadilishwa kuwa «hapana». Kwenye simu ya mekanisiye, ambayo haina rezo tangu asubuhi, mtoto bado anasema «ndiyo». Hata skripti ya pili haimsaidii, kwa sababu habari mpya haijafika kwake. Yule mtu ataingiza mkono.

Kwa hiyo kile kisanduku kitoke kwenye orodha kabisa. Fishi ya mtoto ibebe tu swali, jibu likuwe tupu, na ajaze yule aliyesimama mbele ya mashine, kisha kupima kwa chombo chake. Atelie za uangalifu zinafanya hivyo tangu zamani bila ordinatere: kila fundi anaweka kadena yake kwenye sanduku la umeme na kuweka ufunguo mfukoni mwake. Fundi wane, kadena ine. Mkubwa hawawekei wote kadena moja.