Malaria Kali na Mishipa ya Damu

Hapa Ifakara na Bonde zima la Kilombero malaria si mgeni. Lakini kwa nini mtoto mmoja hupata homa akapona, na mwenzake akashikwa na degedege na kupoteza fahamu?

Kimelea aina ya falsiparamu huingia katika chembe nyekundu ya damu na kuifanya inate. Chembe hiyo hujibandika kwenye ukuta wa mishipa midogo, hata ya ubongo, ikikwepa kupita kwenye bandama na kuharibiwa. Ndiyo maana mtoto aweza kuwa mahututi huku damu ya kidole ikionyesha vimelea vichache.

Hujibandika wapi hasa? Ukutani mwa mshipa pana vipokezi vingi, tuseme matundu ya funguo. Wataalamu huchukua kingamwili, yaani protini kama zile ambazo mwili hutumia kukamata adui, lakini hii imetengenezwa maabara ili ishike kipokezi kimoja tu. Ikiwekwa juu ya chembe za mshipa, huziba tundu hilo kama nta. Vimelea vikiendelea kunata, sipo hapo. Vikishindwa, pamepatikana. (Hata mstari unaouona kwenye kipimo cha haraka cha malaria hutokana na kingamwili.)

Mwaka 2013 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Korogwe, Tanga, lilitangaza kwamba vimelea vinavyohusiana na malaria kali hushika kipokezi cha protini C. Kwa kawaida protini hiyo ikikaa hapo, chembe ya mshipa hupata ujumbe: tulia, usivuje. Tena damu haigandi ovyo. Kimelea kikitangulia kukaa, ujumbe haufiki. Mshipa huvuja, na ubongo waweza kuvimba.

Vipo vipokezi vingine pia, na dawa ya kuzuia kunata bado haijapatikana. Lakini sisi tunaohamia mashamba ya mpunga, mbali na zahanati, tuna la kuzingatia. Degedege linaloletwa na malaria si dege la usiku wala si la kufukizia. Sindano ya artesunate huua vimelea vingali vichanga, kabla havijanata; vilivyokwisha kunata vimeshaanza kuziba njia. Mtoto mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo, na mwenye degedege saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.