Sanaa ya Norwei ng'ambo: nani analipa, nani anavuna

Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya Kagge, mjini Oslo, ilitoa kitabu cha kuni. Si riwaya yenye kuni ndani yake, la, ni kitabu cha kuni zenyewe: mti upi ukatwe na wakati gani, upasuliwe vipi, upangwe vipi ili ukauke kabla baridi haijaingia. Mwandishi wake, Lars Mytting, alikuwa anaandikia nchi ambayo wakati huo haijatimiza hata watu milioni tano. Nakala zikanunuliwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2013 NRK, shirika la utangazaji la taifa, likakigeuza kuwa kipindi cha usiku mzima ambamo kwa saa nyingi watazamaji waliangalia moto ukiwaka, basi. Mwaka 2016 tafsiri ya Kiingereza ikatwaa tuzo nchini Uingereza katika kundi la vitabu visivyo vya kubuni.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati ya mtende. Bahati ilikuwepo, lakini ukifuata fedha unakuta kwamba Norwei ilianza kujenga mazingira ya bahati za namna hii nusu karne kabla, na iliyajengea nyumbani kwanza, si ng'ambo.

Mwaka 1965 liliundwa baraza la utamaduni la taifa, na kazi yake moja ya mwanzo ilikuwa mpango wa kununua vitabu. Riwaya, diwani au tamthilia mpya inayovuka kiwango cha ubora hununuliwa na serikali na kugawiwa maktaba za umma nchi nzima. Mpango ulianza na nakala kama elfu moja kwa kila kitabu. Ongeza hapo kwamba kitabu kilichochapwa hakitozwi kodi ya ongezeko la thamani, na kwamba bei ya kitabu kipya hupangwa na mchapishaji, wala duka haliruhusiwi kuivunja linavyotaka. Utaratibu huo wa bei ulikuwa makubaliano ya wafanyabiashara kwa miaka mingi, na tangu Januari 2024 ni sheria. Maana yake kibiashara ni rahisi: mchapishaji wa Oslo anapopokea mswada wa diwani ya mshairi asiyejulikana, sehemu kubwa ya hasara yake imekwisha kulipiwa kabla mashine haijawashwa.

Faida ya kumlea mwandishi kwa subira namna hii inaonekana kwa Jon Fosse. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1983. Anaandika kwa Nynorsk, lahaja sanifu ya pili ya Kinorwei, ambayo ni chaguo la wachache hata ndani ya nchi yenyewe. Nobeli ya Fasihi ilimfikia mwaka 2023. Sijui mwekezaji wa kawaida ambaye angekaa na bidhaa miaka 40 akingoja soko limwelewe.

Fosse hakuvuka mpaka kwa kupitia Kiingereza. Jina lake lilianza kuvuma majukwaani: mwaka 1999 mwongozaji Claude Régy aliipandisha jukwaani tamthilia yake moja karibu na Paris, na mwaka uliofuata mwongozaji mwenzake Thomas Ostermeier akaleta nyingine kwenye tamasha la Salzburg. Damion Searls, Mmarekani aliyekuja kuwa mfasiri wake wa Kiingereza, alimkuta kwanza ndani ya tafsiri ya Kijerumani, akavutiwa kiasi cha kwenda kujifunza Kinorwei. Watu wa haki za vitabu Oslo wanaijua njia hii kwa moyo. Ujerumani ndiyo lango. Mhariri wa Milan au wa Seoul hasomi Kinorwei, ila anaweza kusoma Kijerumani, au anaye mtu wa kumsomea. Ndiyo maana Norwei ilipokuwa mgeni rasmi wa Maonyesho ya Vitabu ya Frankfurt mwaka 2019 ilikwenda kwa kishindo, na Mette-Marit, mke wa mwanamfalme mrithi, akasafiri kwa treni pamoja na waandishi kupitia Ujerumani wakisoma kazi zao njiani.

Bidhaa inayouzwa Frankfurt si kitabu bali haki. Wakala wa mwandishi humuuzia mchapishaji wa nje ruhusa ya kukitoa kwa lugha fulani, katika eneo fulani, kwa muda fulani. Mnunuzi hutoa malipo ya awali, kisha mrabaha kwa kila nakala iwapo mauzo yatapita kiasi hicho. Kinachoua mikataba mingi si mrabaha, ni gharama ya mfasiri. Kitabu cha kurasa 400 ni kazi ya miezi, na lazima ilipwe kabla nakala moja haijauzwa. Hapo ndipo inapoingia NORLA, taasisi ya fasihi ya Norwei ng'ambo iliyoanzishwa mwaka 1978. Hulipia tafsiri ya sura chache za mfano ili wakala awe na cha kumwonyesha mnunuzi, na mkataba ukishatiwa saini mchapishaji wa nje huomba ruzuku ya kupunguza gharama ya tafsiri nzima. Fedha inakwenda kwa mgeni, lakini inaishia mfukoni mwa mfasiri. Kwa maoni yangu hii ndiyo shilingi inayofanya kazi kubwa kuliko zote katika mfumo mzima, kwa sababu mfasiri mzuri hafasiri tu: ndiye anayegonga milango ya wahariri wa kwao akisema kisomeni hiki.

Wanorwei wana sababu ya kuwa makini na haki. Henrik Ibsen alichapishwa na Gyldendal ya Copenhagen, na tamthilia ya Nora aondokaye nyumbani kwake ilichapwa na kuigizwa huko huko Denmark, Desemba 1879. Umaarufu ulikuwa wa Norwei, faida ikabaki kwa jirani. Mwaka 1925 tu ndipo Harald Grieg na wenzake walipoinunua idara ya Norwei kutoka kwa Wadenishi, wakaanzisha Gyldendal ya Oslo na kurudisha nyumbani haki za waandishi wakubwa, huku Knut Hamsun akitia fedha zake mwenyewe.

Kwenye muziki funzo hilo lilichelewa. Kundi la a-ha lilitia saini na Warner mjini London. Wimbo wao mkubwa ulianguka ulipotolewa mara ya kwanza mwaka 1984, ukatengenezwa upya, ukapata ile video ya michoro ya penseli, na Oktoba 1985 ukakaa kileleni Marekani. Vijana wawili wa Trondheim waitwao Stargate walihamia New York wakawatengenezea nyimbo Rihanna, Beyoncé na Ne-Yo. Mamilioni waliozicheza hawakujua kama zina Norwei ndani yake. Msanii akiondoka mapema, kampuni ya kurekodi, meneja na mchapishaji wa muziki huwa wa nchi nyingine, na sehemu kubwa ya mapato hubaki huko. Music Norway, taasisi ya kuuza muziki nje iliyoundwa mwaka 2012, inahangaika na jambo hilo hilo: si kumfikisha mwanamuziki Berlin, bali kuhakikisha anayemsimamia akifika huko ana ofisi Oslo. Metali nyeusi (black metal), aina ya roki nzito, ndiyo iliyokwenda njia yake. Ilizaliwa kwa vijana wachache, ikachafuka jina kwa makanisa yaliyochomwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, wala hakuna afisa aliyetaka kuisikia. Leo mashabiki wanapanda ndege kwenda Oslo kila Pasaka kwa tamasha la Inferno, na wizara ya mambo ya nje imewahi kuwapa wanadiplomasia wake wanafunzi somo la muziki huo ili wasiaibike wakiulizwa.

Ikiwa mtu anataka kuona namna mfumo wa umma unavyoweza kujikwaa, atazame Skam, tamthilia ya televisheni. NRK iliitengeneza kati ya 2015 na 2017 kwa ajili ya wasichana wa miaka 16 wa Norwei, bila matangazo ya kibiashara, ikivujisha vipande mtandaoni saa ile ile jambo linapotokea katika hadithi. Vijana wa Uchina na Amerika wakaanza kuitafsiri wenyewe. Kisha Januari 2017 NRK ikalazimika kuwafungia watazamaji wa nje, kwa kuwa nyimbo zilizotumika zilikuwa zimelipiwa kwa soko la Norwei peke yake. Soko lilikuja mlangoni likakuta mlango umefungwa kwa makufuli ya mikataba. NRK ikaokoa jahazi kwa kuuza muundo badala ya vipindi: Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania, Uholanzi, Ubelgiji na Marekani zote zikatengeneza Skam yao, kila moja na muziki wake uliolipiwa.

Filamu ina hesabu nyingine kabisa. Tangu 2016 serikali hurejesha hadi asilimia 25 ya fedha ambazo mtayarishaji wa nje anazitumia ndani ya nchi, mradi bajeti iliyotengwa kwa mwaka huo haijakwisha. Mvuto upo, lakini ni haki kuuliza kinachouzwa ni nini: katika filamu ya Tom Cruise ya mwaka 2018, jabali maarufu la Preikestolen liliigiza kama Kashmir. Wenye hoteli walifurahi. Mwongozaji Joachim Trier, aliyetwaa Tuzo Kuu (Grand Prix) pale Cannes Mei 2025, ni bidhaa ya ruzuku nyingine, ile ya polepole ya taasisi ya filamu.

Fedha hizi zimefika pwani yetu pia, ingawa kwa mlango tofauti. Ubalozi wa Norwei Dar es Salaam kwa miaka mingi ulikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, na chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, Zanzibar, nacho kimewahi kushikwa mkono. Huo ni msaada wa maendeleo, si biashara. Karibu zaidi na biashara ni mfuko wa Sørfond, ulioanza mwaka 2011 kwa filamu za nchi zinazoendelea. Sharti lake ni kwamba ombi liwe na mtayarishaji mshirika wa Norwei. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, mwaka 2018, ilitengenezwa na washirika wa nchi kadhaa, Norwei ikiwemo. Mtayarishaji wa Nairobi anapata fedha na cheti cha kupitia matamasha ya Ulaya. Yule wa Oslo anapata jina kwenye filamu ambayo asingeiandika.

Wasiwasi wa wachapishaji wa Oslo kwa sasa haupo ng'ambo. Vijana wa Norwei wanasoma Kiingereza kama maji, na riwaya wanayoiona TikTok hawaingoji itafsiriwe; wananunua ya London au New York siku inapotoka, mara nyingi kwa bei nafuu. Nakala hizo hazimo katika mpango wa 1965, wala hazimpi mchapishaji wa nyumbani krona ya kumlea Fosse mwingine kwa miaka arobaini. Wafasiri wa kuingiza riwaya za nje katika Kinorwei ndio wanaoanza kukosa kazi.