Akwariomu yenye kuvuja: usipakae juu ya kidonda

Bandugu, mzee wetu wa sendika, alipoenda pansheni, alituachia akwariomu ya litre 100 na samaki wa Tanganyika. Kila siku ya posho anakuja kuwaona. Kona moja ikaanza kuvuja.

Mwenzetu akapakaa silikoni juu ya ile ya zamani. Kesho yake, maji chini tena: mupya haishike juu ya nzee.

Njo tukaanza upya. Samaki ndani ya beseni na maji yao. Silikoni yote ya ndani tukaikata na wembe, tukapangusa vioo na asetone, tukaweka silikoni isiyo na dawa ya ukungu, maana hiyo inaua samaki. Siku tatu, harufu ya siki ikaisha. Tukaijaza kwanza bila samaki, saa 24.

Posho, mzee aliyakuta yote mazima. Hata mgodini, ufa hauzibwe juu juu.