Masaa 11 Doha na Pesa Imekwama Kwenye Simu: Jipange Hivi Kabla ya Safari

Mwaka jana nilisafiri kumtembelea dada yangu Uingereza. Tiketi niliyopata kwa bei nafuu ilikuwa na jambo moja: kusubiri Doha kwa masaa 11, kuanzia saa tano usiku hadi saa nne asubuhi. Nikajiambia, si shida, pesa niko nayo kwenye simu.

Kumbe pesa kuwa kwenye simu na pesa kutumika ni mambo mawili tofauti. Nilifika kaunta ya chai nikiwa na kadi pepe, ile inayoishi ndani ya programu. Kadi ya aina hiyo ni ya kununua vitu mtandaoni, na yangu haikuwa na njia ya kugusisha kwenye mashine. Nikajaribu kuhamisha pesa kwenda kadi ya benki. Benki ikataka nambari ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe haukufika, kwa sababu sikuwa nimewasha laini yangu itumike nje ya nchi. Mfukoni nilikuwa na shilingi 3,000, na dirisha la kubadilisha pesa nililoenda halikuzitaka.

Aliyeniokoa ni mama mmoja Mkenya aliyekuwa akirudi kazini Ghuba. Alininunulia chai na mkate, akaniambia, "Kijana, utanilipa ukifika nyumbani." Nilimtumia siku ileile niliyorudi Nairobi. Wewe usingoje bahati kama yangu. Fanya haya.

1. Washa laini ukiwa bado Kenya

Piga simu kwa mtandao wako au ingia kwenye programu yao, uwashe huduma ya kutumia laini nje ya nchi. Fanya hivyo angalau siku mbili kabla, kisha uulize bei ya kupiga simu, ujumbe na data. Lengo lako kubwa ni kupokea nambari za uthibitisho. Ukishapanda ndege, zima data ya laini na utumie Wi-Fi ya uwanja. Ukiiacha data ikiwa imewashwa, programu za simu zitakula salio lako ukiwa umelala.

Pia usitegemee zile nambari fupi za nyota na reli. Mara nyingi hazifanyi kazi ukiwa nje. Pakua programu, ingia mara moja, na ujaribu kutuma hata shilingi 50 kabla ya kuondoka.

2. Beba pesa kwa njia tatu

Njia ya kwanza ni kadi ya plastiki ya benki, na uwaambie benki unasafiri. Ya pili ni dola chache taslimu, noti safi zisizo na michoro wala mikunjo. Dola 30 hadi 50 zinatosha kwa siku moja ya kusubiri. Ya tatu ni salio lako la simu kama akiba, ambalo mtu wa nyumbani anaweza kukuongezea mambo yakiharibika.

Ukiwa Doha, hesabu ni rahisi. Tangu 2001 dola moja imefungwa kwa riyali 3.64. Kwa hivyo dola 20 ni karibu riyali 73. Dirisha likikupa riyali 60, jua unakatwa sana. Badilisha kidogo tu.

Na hili wengi hawalijui: mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa riyali, chagua riyali. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na kwa kawaida hakikufai.

3. Tumia vya bure kwanza

Kabla ya kununua chochote, uliza shirika lako la ndege kama tiketi yako ina chakula au hoteli. Mashirika mengine hutoa kulingana na aina ya tiketi na urefu wa kusubiri, lakini usipouliza hakuna atakayekukimbilia nayo. Uliza kabla ya kukata tiketi, si ukiwa umeshafika.

Uwanja wa Hamad una vyumba vya utulivu vya kupumzika, maji ya kunywa ya bure (beba chupa tupu), na bustani ya ndani yenye miti halisi iliyofunguliwa 2022. Lile dubu kubwa la manjano lenye taa kichwani halikosi watu wa kupiga picha. Jambo lingine zuri: saa ya Doha ni sawa na ya Kenya, kwa hivyo huna haja ya kugeuza chochote.

Unataka kutoka nje? Angalia masharti ya viza kwanza. Ukiruhusiwa na una masaa 6 au zaidi, treni ya metro inaanzia uwanjani. Safari moja ni riyali 2, pasi ya siku nzima riyali 6, na unaweza kufika hadi soko la Souq Waqif. Lakini treni hazitembei usiku kucha. Hakikisha umerudi masaa 3 kabla ya ndege.

4. Matapeli hawasafiri, lakini wanajua umesafiri

Ukiweka picha ya pasipoti na tiketi mtandaoni, umetangaza kuwa hupatikani. Hapo ndipo mama yako hupokea ujumbe: "Nimekwama airport, nitumie elfu kumi kwa nambari hii." Kabla ya kuondoka, kubalianeni na familia neno moja la siri. Asiyelijua hatumiwi kitu. Weka pia nambari ya siri kwenye laini yenyewe, ili simu ikiibiwa, laini isitumike kwenye simu nyingine.

Kwenye Wi-Fi, hakikisha jina la mtandao ni lile lililoandikwa kwenye mabango ya uwanja. Na ukiingiza PIN, geukia ukuta.

Kabla hujafunga sanduku, jiulize:

- Laini yangu itapokea ujumbe nje ya nchi?
- Nina kadi ya plastiki na dola chache?
- Nimejaribu programu ikafanya kazi?
- Familia inajua neno letu la siri?

Kama jibu ni ndiyo mara nne, safari njema. Na ukumbuke, hata ukiwa mbali namna gani, hakuna mhudumu wetu atakayekupigia kukuomba PIN. Akikuomba, huyo si wetu. Kata simu.