Dripu ya Sita

Mwanamke anayelima ufuta na mihogo huko Matambarale, pande za Ruangwa na Nachingwea katika Mkoa wa Lindi, hakujifunza habari za magugu kitabuni. Anajua tangu utoto wake kwamba palizi ya kwanza haimalizi kazi. Mbegu nyingine zingali zimelala ardhini, nazo zitachomoza baada ya mvua ifuatayo. Palizi iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya mwisho, kwa sababu shamba linaonekana safi na mwili umekwisha choka. Tumchukue mkulima huyu awe mfano wetu katika kueleza jambo ambalo wanafunzi wengi wamelisikia majumbani mwao bila ya kuelezwa, yaani tiba ya saratani ya matiti kwa dawa za dripu, au tibakemikali.

Tuseme kwamba uvimbe wake umekwisha kuondolewa kwa upasuaji. Madaktari wamempangia dripu sita, moja kila baada ya siku 21. (Wagonjwa wengine hupangiwa nne, wengine nane, kwa kadiri ya ugonjwa wao.) Tangu dripu ya kwanza hadi ya sita ni siku 105. Dawa zake ni mbili: siklofosfamidi na doksorubisini. Hii ya pili asili yake ni bakteria wa udongoni, nayo ni nyekundu. Wekundu huo huonekana hata katika mkojo, jambo linalomtisha sana mgonjwa ambaye hakuambiwa mapema.

Dawa hizi haziijui saratani kwa sura. Hushambulia chembe hai zinazogawanyika upesi, kwa kuziharibu zile nyuzi za urithi ambazo kila chembe lazima izinakili kabla ya kugawanyika. Chembe za saratani ni za namna hiyo. Lakini chembe za mashina ya nywele, za utando wa kinywa na utumbo, na za uboho wa mifupa ambamo damu hutengenezwa, nazo hugawanyika upesi. Ndiyo maana nywele hunyonyoka wiki ya pili au ya tatu, kinywa hupata vidonda, na chembe nyeupe za damu hupungua hadi kufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kufikia siku ya 21 uboho wenye afya huwa umejirudisha, ilhali saratani haijapata muda wa kutosha kufanya hivyo. Muda huo wa kusubiri umepimwa, wala si wa kumpumzisha muuguzi.

Sasa mwalimu na achukue chaki. Tuseme baada ya upasuaji zimebaki mwilini chembe 1,000,000 za saratani, zimetawanyika mahali ambapo hakuna mkono wala picha ya eksirei iwezayo kuzifikia. Tuseme tena kwamba kila dripu huua chembe 90 katika kila 100. Baada ya dripu ya kwanza zitabaki 100,000, baada ya pili 10,000, kisha 1,000, kisha 100, kisha 10, na baada ya sita, 1. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, na tumeacha kuhesabu zile zinazozaliwa katikati ya dripu mbili. Hata hivyo kanuni yenyewe ni ya kweli: dawa huua sehemu fulani ya chembe zilizopo, si idadi fulani. Kwa hiyo dripu ya sita, ambayo katika mfano wetu inaua chembe tisa tu, ina uzito sawa na ile ya kwanza iliyoua 900,000. Mwenye kuacha katika dripu ya tano hajihisi mgonjwa, wala daktari haoni kitu. Zile kumi ndizo mbegu zilizolala.

Jambo hili halikubaki katika hesabu tupu. Mwaka 1976 Dk. Gianni Bonadonna na wenzake wa Milano, Italia, walitangaza matokeo ya utafiti wa wanawake 386 waliopasuliwa saratani ya matiti, ambapo baadhi yao waliongezewa dawa tatu kwa miezi kumi na miwili. Mwaka 1981 walirudi kuwachambua kwa kipimo walichopokea hasa. Miongoni mwa waliopata angalau asilimia 85 ya dawa iliyopangwa, 77 katika kila 100 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka mitano. Miongoni mwa waliopata chini ya asilimia 65, walikuwa 48. Na wale ambao hawakupewa dawa kabisa walikuwa 45. Msomaji aziangalie vizuri hizo namba mbili za mwisho. Aliyeteseka nusu ya njia akaacha, alikaribia kulingana na ambaye hakuteseka hata kidogo.

Hapa ndipo linapoingia suala la moyo. Watu husema, "Mama, changamka, ukichangamka utapona." Je, sayansi inasemaje? Mwaka 1989 Dk. David Spiegel wa Marekani alieleza kwamba kati ya wanawake 86 ambao saratani yao ya matiti ilikuwa imekwisha kuenea mwilini, wale waliokutana kila wiki kuzungumza na kutiana moyo waliishi karibu mara mbili ya wenzao. Habari hiyo ilienea duniani kote. Lakini utafiti mkubwa zaidi uliofanywa Kanada na kutangazwa mwaka 2001, juu ya wanawake 235, haukuona nyongeza yoyote ya maisha. Na Spiegel mwenyewe aliporudia kazi yake, akatangaza matokeo mwaka 2007, naye hakuiona. Kilichoonekana Kanada ni kwamba waliokutana walipungukiwa na huzuni na maumivu.

Kwa hiyo kicheko hakiui chembe ya saratani, na ni ukatili kumwambia mgonjwa aliyelia usiku kucha kwamba machozi yake yanaulisha ugonjwa. Moyo mkunjufu una kazi nyingine, nayo si ndogo: kumfikisha mgonjwa kwenye kiti cha dripu siku ya 105. Na kazi hiyo huzidi kuwa ngumu kadiri mwisho unavyokaribia. Uchovu hujilimbikiza. Kisha huja jambo ambalo wanafunzi wa biolojia watalitambua mara moja. Ivan Pavlov wa Urusi aliwazoeza mbwa wake kupata chakula pamoja na mlio fulani, hata wakawa wanatokwa na mate kwa mlio peke yake. Vivyo hivyo mgonjwa aliyetapika baada ya dripu nne au tano huweza kushikwa na kichefuchefu kwa harufu ya spiriti tu, au kwa kuliona lango la hospitali, kabla hata ya sindano kumgusa. Jamaa zake husema anadeka. Hadeki; mwili wake umejifunza somo, kama mbwa wa Pavlov. Dawa nzuri ya kuzuia kutapika, ikitolewa tangu dripu ya kwanza, huzuia somo hilo lisifundishwe.

Tena kuna barabara. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam, na kutoka Matambarale ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Bugando iliyoko Mwanza na KCMC iliyoko Moshi nazo hutoa tiba hii, lakini kwa mtu wa kusini ni mbali zaidi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, abiria wa Lindi walivushwa Mto Rufiji kwa pantoni, na masika yakizidi walikwama. Hata Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo wilayani Kilwa. Mgonjwa mwenye tarehe ya dripu mkononi hawezi kuyashinda mafuriko kwa uchangamfu. Anahitaji nauli iliyowekwa mapema, ndugu wa kumpokea mjini, na mtu wa kumvunia ufuta wake ili asikae chini ya dripu akiwaza shamba. Kwa maoni yangu, jirani anayeshika jembe kwa siku tatu amemtia moyo kuliko anayeleta hotuba.

Njia ndogo ndogo nazo husaidia. Mtoto aliye sekondari aweza kumchorea mama yake miraba sita ukutani na kupaka rangi mmoja kila anaporudi safari. Aweza kumwandikia maswali ya kumwuliza daktari, maana hofu huyasahaulisha. Ni vema pia kutembea kidogo kila siku inapowezekana. Imethibitika kwamba mazoezi mepesi huupunguza uchovu wa tiba hii kuliko kulala mchana kutwa.

Hatimaye dripu ya sita huisha. Wengi hushangaa kwamba siku hiyo, badala ya furaha, hupatwa na unyonge. Miezi yote walikuwa na tarehe ya kungojea na wauguzi wa kuwaangalia. Sasa wamebaki peke yao. Baadhi yao watapewa vidonge, kama vile tamoksifeni, vya kumezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Nywele zitaanza kuota tena baada ya wiki chache, na pengine kwa mkunjo mwingine.

Lakini uboho haujui kwamba dripu hiyo ilikuwa ya mwisho. Siku ya 10 hadi ya 14 chembe nyeupe zitashuka kama zilivyoshuka mara tano zilizotangulia, na safari hii mama atakuwa amekwisha rudi Matambarale, anapongezwa na majirani. Akipata homa siku hizo, watu watasema ni malaria na kumnunulia vidonge dukani. Yaweza kuwa malaria kweli. Yaweza pia kuwa maambukizo ya bakteria yanayoua kwa muda wa saa chache, kwa kuwa askari wa mwili ni wachache. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku, pamoja na karatasi inayotaja dawa alizopewa na tarehe ya dripu ya sita.