Fundi Akiharibu Kazi: Jinsi ya Kudai Pesa Zako

Fundi amelipwa, maji bado yanapenya hadi kwenye dari ya jirani wa chini, na sasa hashiki simu. Wakaazi wa mitaa inayozunguka Kenyatta Market, kama vile Golf Course, Ngummo, Woodley na Jamhuri, wanaijua hali hii. Nyumba nyingi hapa zilijengwa miaka mingi iliyopita, na mabomba, paa na nyaya za umeme huhitaji marekebisho kila mara. Fundi hupatikana kwa kuulizia sokoni au kwa jirani, pesa hutumwa kwa M-Pesa, na mara nyingi hakuna kinachoandikwa.

Mambo yakiharibika, wengi huamua kusamehe pesa zao. Wengine humvizia fundi na kumnyang'anya vifaa au kitambulisho, hatua inayoweza kumgeuza mlalamishi kuwa mshtakiwa. Ipo njia ya kisheria, na mkaazi anaweza kuifuata bila kuajiri wakili.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kulipwa fidia anapopata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inafafanua zaidi. Iwapo makubaliano yalikuwa na makadirio ya gharama, fundi haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana kubadilisha kazi yenyewe.

Makubaliano ya mdomo pia ni mkataba. Ugumu wake ni kuyathibitisha.

Kabla ya kumwita fundi wa pili

Kosa linalowaponza wengi ni kurekebisha kazi mbovu mara moja. Kazi ikishabomolewa, ushahidi nao umekwenda. Mkaazi anashauriwa kwanza:

• Kupiga picha na video za kila kasoro, na kuandika tarehe.
• Kuhifadhi ujumbe wa M-Pesa, taarifa ya malipo, risiti za vifaa na mazungumzo yote ya simu yaliyoandikwa.
• Kumwomba fundi mwingine aikague kazi na kuandika kasoro alizoona, chanzo chake na gharama ya kurekebisha, kisha atie sahihi.

Maandishi ya fundi huyo wa pili ndiyo yanayoonyesha kiasi cha kudai. Tuseme mkaazi wa Ngummo amelipa KSh 60,000 ili bafu liwekwe vigae vipya. Baada ya wiki tatu vigae vinabanduka na maji yanavuja. Fundi wa pili anaandika kwamba sakafu haikuzibwa maji, na kwamba kuirudia kazi kutagharimu KSh 70,000. Mkaazi huyu anaweza kudai KSh 70,000, pamoja na gharama ya dari ya jirani iliyoharibika ikiwa ameilipia. Hawezi kudai pia KSh 60,000 alizolipa mwanzo, kwa kuwa atakuwa amepata bafu jipya bure.

Barua ya madai

Hatua inayofuata ni kumwandikia fundi. Barua ieleze kazi iliyokubaliwa, pesa zilizolipwa na tarehe, kasoro zilizopo, na kile mkaazi anachotaka: kazi irudiwe bila malipo au pesa zirudishwe. Iweke muda maalum, kwa mfano siku 14. Barua ipelekwe kwa mkono mbele ya shahidi na pia kwa simu, na nakala ihifadhiwe. Lugha iwe ya heshima, kwani huenda barua hiyo ikasomwa mahakamani. Fundi mwaminifu aliyekosea mara nyingi hurudi katika hatua hii.

Mahakama ya Madai Madogo

Muda ukipita bila jibu, mkaazi anaweza kuwasilisha dai katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai ya hadi KSh milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya huduma na uharibifu wa mali. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Mkaazi anaweza kujiwakilisha mwenyewe na kujieleza kwa Kiswahili.

Dai la mkataba linaweza kuwasilishwa ndani ya miaka 6. Hata hivyo, anayechelewa huenda akakuta fundi amehama na picha zimepotea.

Je, ni kesi ya polisi?

Kazi mbovu peke yake si uhalifu, na polisi si wakusanya madeni. Lakini fundi aliyejipatia pesa kwa uongo, kwa mfano kwa kuonyesha leseni bandia, anaweza kushtakiwa kwa kupata pesa kwa njia ya udanganyifu. Hapo mkaazi apige ripoti na kuchukua nambari ya OB.

Baada ya kushinda

Uamuzi wa mahakama hauleti pesa mkononi siku hiyo hiyo. Fundi asipolipa, mkaazi huomba amri ya kukamata mali yake, au pande mbili zikubaliane alipe kidogo kidogo. Vifaa ambavyo fundi anavihitaji kwa kazi yake vimelindwa na sheria na havikamatwi. Kwa hiyo malipo ya awamu mara nyingi ndiyo yenye matumaini zaidi, kwa sababu fundi anayeendelea kufanya kazi ndiye mwenye uwezo wa kulipa.

Kabla ya kutoa pesa

Dai lolote huhitaji jina kamili na mahali mdaiwa anapopatikana. “Fundi Kevo wa sokoni” hawezi kupelekewa hati za mahakama. Kabla ya kazi kuanza, mkaazi anashauriwa:

• Kuandika jina la fundi kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari yake ya simu na mahali anapofanyia kazi.
• Kuhakikisha kuwa fundi wa umeme ana leseni ya EPRA, na kumuuliza fundi wa ujenzi kama ametambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.
• Kukumbuka kwamba kibali cha biashara cha kaunti kinaonyesha kuwa biashara imesajiliwa. Hakithibitishi ustadi wa fundi.
• Kununua vifaa mwenyewe inapowezekana, na kulipa ufundi kwa awamu.
• Kubakisha sehemu ya malipo hadi kazi ijaribiwe: bomba lifunguliwe, taa ziwashwe, paa linyeshewe.